Kata Iliyolala Mbele

Yeremia Dzombo alikuwa mtu mwema, na taabu ni kwamba alikuwa akijijua. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, wala hakuwa na nyumba ndogo popote. Alikuwa mzee wa kanisa pale Mtsangani, kijiji kilicho nyuma ya Kikoneni, ukishaiacha minazi na kuingia nchi ya miba na mbuzi. Kisima cha kijiji kilichimbwa yeye akiwa mbele, sururu mkononi. Na kamati ya kisima ilipoundwa, mwaka ule ule bendera ilipopandishwa, uenyekiti alipewa yeye bila jina la pili kutajwa. Kwa hiyo Jumamosi ile, mwaka wa pili wa Uhuru, alipokuwa amekaa uani akipanga maneno ya kesho yake, hakuona sababu ya kuwa na wasiwasi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya shukrani. Keshokutwa, Jumatatu, bwana DO, mkuu wa tarafa, angefika njia panda kupokea jina moja kutoka kwa wazee wa Mtsangani, jina la mtu atakayekwenda Kwale kukaa katika kamati ya maendeleo ya wilaya. Yaliyokuwa yakisemwa yalikuwa majina mawili: la Dzombo, na la Tembo mwenye duka, mtu mzuri ila akianza kusema watu hupiga miayo. Dzombo aliitaka sana nafasi ile. Alitaka kisima cha pili, cha saruji na pampu, ili ng'ombe wa watu waache kufa kila kiangazi. Na tusifichane, alitaka pia kupanda ile Landrova ya bwana DO.

"Mama Randu," alimwita mkewe, Kanze, aliyekuwa akipeta kunde karibu na mlango wa jikoni. "Kesho nitawauliza watu swali."

"Swali gani, Baba Randu?"

"La nabii Samweli. Alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akawataka waseme amechukua ng'ombe wa nani, amemwonea nani. Wakatafuta neno la kumshitaki, wasilione! Hebu fikiria na mimi nimesimama vivyo hivyo, kasisi yupo, wazee wote wapo."

Kanze alirusha kunde juu, akazipokea kwenye ungo, akapuliza makapi.

"Samweli alikuwa anaaga," akasema. "Wewe unaomba kazi."

"Ni yale yale."

"Na akitokea mtu akakujibu?"

"Atajibu nini?"

Kanze aliuweka ungo chini. "Ile kata, Baba Randu. Nilikwambia mwaka jana, nikakwambia tena Januari."

Dzombo alipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Mazungumzo yakaishia hapo, maana Kanze hakuwa mwanamke wa kusema jambo moja mara tatu.

Sasa, habari ya kata ni hii. Kisima cha Mtsangani kimechimbwa mchangani, kwenye kijito kilichokauka, na hakina chemchemi. Maji hujikusanya polepole usiku kucha, na wakati wa kiangazi, jua likifika utosini, yameisha. Atakayefika baada ya hapo atachota matope. Basi ili watu wasivunjane vichwa, kila nyumba huleta kata yake jioni, kile kifuu cha nazi chenye mpini, na kuilaza juu ya gogo refu lililo kando ya kisima. Aliyefika kwanza analaza mbele, wa pili anafuata, hivyo hivyo mpaka mkiani. Asubuhi watu hunywesha mifugo yao kwa kufuata kata zilivyolala. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa kata ya mwenzake. Sheria hiyo aliitunga Dzombo mwenyewe. Hata ukiwa mzee wa miaka themanini, kata yako ikilala ya kumi unateka wa kumi, na watu walimsifu kwa haki yake mpaka Msambweni.

Halafu siku moja, mwaka ule wa kwanza, kasisi alikuja akalala kwa Dzombo. Chome, mlinzi wa kisima, aliona ni aibu nyumba yenye mgeni wa namna ile ingoje maji. Akaiokota kata ya mwenyekiti kutoka katikati ya gogo, akailaza mbele kabisa. Hakuna aliyenung'unika. Nani anung'unike mkubwa akiheshimiwa? Kesho yake, mgeni ameshaondoka, Chome akafanya vile vile. Baada ya mwezi akachonga kishimo kwenye kichwa cha gogo ili kata ile ikae vizuri isiyumbe. Kanze akawa kila jioni anailaza kata pale alipofika, ya saba au ya ishirini, na kila asubuhi anaikuta kishimoni.

Ng'ombe wa Dzombo walikuwa thelathini. Saa mbili asubuhi wameshakunywa, saa tatu wamerudi kivulini wanacheua, na ng'ombe wa wenzake bado wanalia kisimani. Dzombo aliwatazama akamshukuru Mungu. Sitanii, alisimama kanisani akaomba kwa sauti, akamshukuru Bwana kwa kuitangulia mifugo yake njiani. Watu wakaitikia amina, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Chome. Kanze alipomweleza jinsi kutangulia kwenyewe kulivyokuwa, Dzombo alimjibu, "Mimi sijamwamuru mtu. Watu wakikuheshimu utawatukana?" Akaona amesema kweli, kwa sababu kweli hakuwa amemwamuru mtu.

Jumapili ilifika na watu wakafurika. Kanisa lilikuwa dogo, kwa hiyo ibada ilifanyiwa nje, chini ya kibanda kilichoezekwa kwa majani ya mikoma. Majirani Waislamu walikuja pia, kama Wakristo walivyokwenda kwao siku za Maulidi, maana baada ya maombi kulikuwa na wali, na wali hauna dini. Pembezoni, kati ya wanawake, alikaa Mwanapili na leso yake ya rangi ya samawati. Alikuwa mjane wa Suleiman Boga, aliyechimba kile kisima bega kwa bega na Dzombo kisha akafa kwa homa kabla hajayanywa maji yake hata miezi mitatu. Kwao Mwanapili ni Bodo, pwani, lakini mume alipokufa hakurudi. Alisema kaburi la mumewe liko huku, na yeye yuko huku. Dzombo alizoea kumwita shemeji.

Kasisi Kahindi alihubiri, sadaka ikapita, na Dzombo akapewa nafasi ya kusema neno la shukrani. Alisimama katika koti lake jeusi. Alikuwa na sauti ya kutosha watu mia tatu na pale palikuwa na mia moja na hamsini, kwa hiyo ilibaki ya akiba. Alieleza habari ya Samweli, akaieleza vizuri mpaka watoto wakanyamaza. Kisha akanyoosha mikono.

"Nami leo nasimama mbele zenu na mbele za Bwana. Semeni! Nimechukua ng'ombe wa nani?"

"Hakuna!" waliitikia wazee wa mbele.

Ingekuwa vyema angekaa hapo. Lakini ile "hakuna" ilikuwa tamu, na utamu ukishauonja unautaka tena. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi.

"Hakuna!" watu wote wakanguruma, na Chome akapiga na mguu chini.

Dzombo akamtazama Tembo mwenye duka aliyekuwa amejikunja kwenye benchi, akajua Kwale ni yake. Akauliza mara ya tatu, polepole, neno moja moja, kama mtu anayekunywa chai ya moto.

"Nimechukua... ng'ombe... wa nani?"

"Wangu, shemeji."

Mwanapili alikuwa amesimama. Hakupaza sauti, wala haikuhitajika.

"Ng'ombe wangu mwekundu," akasema. "Umemchukua mwezi wa Januari."

Kwanza watu walidhani wamesikia vibaya. Kisha manung'uniko yakaanza, na Chome akaruka kutoka alipokaa.

"Mama, kaa chini! Hapa ni kanisani, hapa si mahali pa... Wewe hata si muumini wa hapa!"

"Kaa chini wewe, Chome," alisema Kasisi Kahindi bila kuinuka. "Mzee ameuliza swali. Mwache ajibiwe."

Chome akakaa. Mwanapili aliitengeneza leso yake begani.

"Mimi nakaa mbali, nyote mnajua. Kila siku kata yangu ililala mkiani, nami sikulalamika, ndiyo sheria. Ng'ombe alipoanza kudhoofika nikasema, Mwanapili, jitahidi. Nikaacha kazi ya shamba, nikaileta kata tangu alasiri. Siku tatu mfululizo nilifika wa kwanza. Wa kwanza, wallahi, gogo tupu! Na siku tatu mfululizo, asubuhi, kata yako ilikuwa mbele ya yangu kwenye kile kishimo, na ng'ombe wako thelathini wakanywa kwanza. Maji ya usiku wakayamaliza wao; yale niliyoteka mimi, yaliyojikusanya baadaye tone kwa tone, nyumba yenye ndama mmoja ingeona ni kidogo. Siku ya nne alilala asiinuke."

Sufuria za wali zilisikika zikitokota nyuma ya kanisa.

"Ulikuja kunipa pole, shemeji. Ulikaa kwenye kigoda changu, ukaniambia ni mapenzi ya Mungu. Nikanyamaza kwa heshima. Lakini leo umeuliza mara tatu, na mtu akiulizwa mara tatu asiposema, huo nao ni uongo. Mungu hakuishika kata. Aliyeishika ni Chome."

"Mwenyekiti hakuniamuru!" alilia Chome. "Jamani, hakuniamuru hata siku moja!"

Hapo Dzombo aliona njia zimefunguka mbele yake, tena nyingi. Ya kwanza alikuwa ameshapewa na Chome, hana haja hata ya kuitafuta: hakuamuru. Ya pili ilikuwa kiangazi chenyewe. Ng'ombe walikufa kila mahali mwaka ule, nani ajuaye huyu mwekundu angepona? Ya tatu ilikuwa kuimba. Kitabu cha nyimbo kilikuwa pale pale juu ya meza, na wimbo ukianzishwa kwa nguvu watu hawawezi kukataa kuitikia. Nyimbo zimeokoa wakubwa wengi katika hali kama ile. Na wazee wa mbele walikuwa wakimtazama kwa huruma, wakingoja tu achague moja ili wamsaidie.

Akamtafuta Kanze kwa macho. Kanze hakumtazama. Alikuwa ameinamia mikono yake, na mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu anayesubiri kupigwa. Dzombo alikuwa ameishi na yule mwanamke miaka ishirini na sita, na hakuwahi kumwona akimwonea aibu. Ndipo alipoogopa. Hakumwogopa Mwanapili, wala DO. Aliikumbuka ile sala yake. Miaka miwili alikuwa amesimama mahali hapa hapa, mikono juu, akimshukuru Mungu kwa maji ya jirani yake, na Mungu alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho. 

"Nimemchukua," akasema.

Sauti haikufika mbali. Akakohoa, akaitafuta ile sauti yake ya watu mia tatu.

"Nimemchukua! Chome anasema sikuamuru, na ni kweli sikuamuru. Lakini niliambiwa. Mama Randu aliniambia mara mbili, nikampungia mkono. Sikuamuru, kwa sababu sikuhitaji kuamuru. Nilinyamaza nikanufaika. Nilipoiandika ile sheria nilidhani nawazuia ninyi msiibiane. Kumbe aliyehitaji kuzuiwa nilikuwa mimi." Akamgeukia Mwanapili. "Shemeji, nimekukosea, na nimemkosea Suleiman huko aliko. Yule Zakayo wa Injili alirudisha mara nne alichodhulumu, nami nitakurudishia hivyo hivyo. Leo, kabla ya jua kuchwa, utapata ng'ombe wanne."

Watu wakashusha pumzi. Wengine walianza kupiga makofi, maana watu wetu hupenda toba ikiwa na ng'ombe ndani yake. Lakini Mwanapili alikuwa bado amesimama.

"Ng'ombe wanne," akasema, "nitawanywesha kwa zamu ya nani?"

Makofi yakakatika.

"Nipe mmoja, kama nilivyokuwa naye, na Mungu akubariki. Hao watatu baki nao. Mimi nataka kata ilale pale mwenyewe alipoilaza."

Dzombo alikuwa amezoea kuwa mkarimu, na ukarimu wake ulikuwa umerudishwa kama bidhaa mbovu.

"Italala," akasema hatimaye. "Na mwezi mzima nitaileta mimi mwenyewe, na nitateka mimi mwenyewe, si mke wangu wala mwanangu, mpaka nijue mstari ule una urefu gani."

Hakuna aliyepiga makofi sasa. Kasisi Kahindi alifumba macho akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba Mtsangani, kisha wakaenda kula.

Alasiri Dzombo alimswaga ng'ombe wake bora, mweupe mwenye madoa na ndama wa miezi miwili, akampeleka kwa Mwanapili, akarudi kisimani. Chome alikuwa akimngoja pale na shoka. Alikuwa amelia, macho yalikuwa mekundu.

"Mzee, mimi nilikuwa nakuheshimu tu."

"Najua, Chome. Nami nilikuwa naheshimika tu. Haya, piga."

Chome akakichonga kichwa cha gogo mpaka kile kishimo kikaisha. Kisha Dzombo akailaza kata yake. Alihesabu alipokuwa akipita: ilikuwa ya thelathini na nne, na baada yake ziliongezeka mbili tu.

Jumatatu alfajiri alifika na ng'ombe wake, akaikuta kata yake mbele kabisa.

Chome aliapa kwamba si yeye, na safari hii alisema kweli. Huenda alikuwa mtu mwingine aliyemhurumia, huenda walikuwa wengi. Mazoea ya miaka miwili hayaondoki kwa shoka. Dzombo aliiokota kata akatembea nayo kando ya gogo, kata moja baada ya nyingine, na katika kila kata mwenyewe alikuwa amesimama na mifugo yake.

"Hujambo, mama. Umeamkaje, Rai? Shikamoo, baba."

Waliitikia wakiangalia pembeni, kwa haya. Alipofika ya thelathini na tatu akailaza yake baada yake, akasimama hapo.

Ulikuwa mstari mrefu. Hakuujua, na sasa aliujua kwa miguu. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Ng'ombe wake, waliodekezwa na maji ya mapema, walianza kulia na kumsukuma mgongoni, na kila walipolia aliona uchungu mpya, kwa maana aliona wenzake hawashtuki. Wamezoea. Walikuwa wamesikia kilio kile kila siku kwa miaka miwili, wakati yeye akinywa uji. Mbele kule Mwanapili, kata yake ya nne, alishuka, akateka, akamnywesha yule mwenye madoa na ndama wake. Lakini hakuondoka. Aliketi juu ya kichwa cha gogo, pale kishimo kilipokuwa, akawa ndiye anayeita zamu, na hakuna aliyemuuliza nani kakupa kazi hiyo. Hata Chome hakuuliza.

Saa mbili na nusu wazee walitokea, wanne, wamevaa kanzu na makoti, mbele yao Mzee Mwero na bakora yake.

"Yeremia, twende," alisema Mwero. "Landrova imeonekana Kikoneni. Saa tatu bwana DO atakuwa njia panda."

"Shikamoo, Mzee. Zamu yangu bado."

"Marahaba. Zamu gani? Tumeshauriana usiku. Wengine walitaka Tembo, tumeyamaliza. Lakini jina halipelekwi kama mwenyewe hayupo, serikali itatuona watoto. Hebu wanyweshe hao ng'ombe upesi, twende."

"Nao hawa?" Dzombo aliwaonyesha watu kumi na sita waliokuwa mbele yake.

Wenyewe walimjibu. "Apite!" alisema Rai. "Mzee, pita!" walisema wengine, na walisema kwa moyo mweupe. Walikuwa wakisogeza mbuzi wao kumfungulia njia. "Ni kwa faida yetu sote! Ukaseme habari ya pampu!" Chome alikuwa ameshaishika kamba ya ng'ombe wa mbele. Kanze, aliyekuwa amemletea mumewe kibuyu cha uji, alisogea karibu akamnong'oneza.

"Nenda, Baba Randu. Nitasimama mimi."

Dzombo alitazama ile njia iliyofunguka katikati ya mbuzi. Kulikuwa na pampu mwisho wake, na saruji, na ng'ombe wasiokufa, na ile Landrova. Aliitaka kwelikweli. Kisha akatazama juu, kwenye gogo. Mwanapili hakuwa akimtazama kwa ukali. Alikuwa akingoja tu, mikono mapajani, kama mtu aliyekwisha sema yake jana. Na Dzombo akagundua kwamba njia hii anaijua. Ndiyo ile ile ya siku ya kwanza, siku ya kasisi. Siku ile nayo sababu ilikuwa nzuri.

"Sikilizeni," akasema. "Nikipita leo kwa ajili ya pampu, kesho nitapita kwa ajili ya barabara. Nikifika Kwale nitapita kwa sababu mimi ni mtu wa Kwale. Mzee Mwero, nendeni mkampe jina la Tembo. Ni mtu mwaminifu. Si msemaji, lakini pampu haihitaji hotuba."

"Yeremia, una wazimu?"

"Zamu yangu haijafika, Mzee."

Mwero akapiga bakora chini, akageuka. Wazee wengine wakamfuata wakinung'unika. Watu wakarudisha mbuzi wao mstarini. Kanze alimpa kibuyu cha uji, na alipompa alikishika kidogo, vidole vyake juu ya vidole vya mumewe, kisha akaenda zake.

Dzombo alikunywa uji wake amesimama. Nisikudanganye kwamba alikuwa na furaha. Alikuwa na uchungu wa kweli, na mara mbili alitazama upande wa njia panda, ambako vumbi jekundu lilipanda, likasimama, na baada ya muda mrefu likaanza kurudi lilikotoka. Basi, imepita, alijiambia. Akashangaa kuona kwamba anapumua vizuri.

Jua lilikuwa karibu utosini, na mbele yake amebaki Rai na mbuzi wake sita tu, Mzee Mwero aliporudi. Alikuwa peke yake, na alikuwa ametembea mbio kwa mtu wa umri wake. Aliegemea bakora mpaka akapata pumzi.

"Tumepeleka jina."

"Vema. Tembo amefurahi?"

"Tembo ndiye aliyekataa. Bwana DO aliuliza, huyo mtu wenu yuko wapi? Tembo akasimama, yule yule asiyejua kusema, akamwambia: yuko kisimani, zamu yake haijafika. Basi. Hakuongeza neno. Bwana DO akatutazama kama wehu. Akauliza, ni mwenyekiti wa kisima, na anangoja foleni ya kisima chake mwenyewe? Tukasema ndiyo. Akacheka sana, Yeremia, mpaka akavua kofia. Kisha akaandika."

"Akaandika nini?"

"Dzombo. Andiko la serikali, kwa wino." Mwero aliinua bakora akamgusa nayo kifuani, si kwa mzaha. "Lakini wazee wamenituma nikwambie. Kila Jumapili ya shukrani utasimama uulize lile swali lako. Na safari hii sisi wa mbele hatutajibu. Tutanyamaza, tungoje tusikie wa nyuma wanasemaje. Umekubali?"

Dzombo alitaka kusema jambo kubwa. Alikuwa nalo, lilikuwa tayari kinywani, na sauti ya kulibeba alikuwa nayo. Lakini Rai alikuwa amekwisha kuwatoa mbuzi wake, na kutoka juu ya gogo Mwanapili aliita.

"Kata ya thelathini na nne! Shemeji, usitucheleweshe, wako wengine nyuma yako."

"Nimekubali," alisema Dzombo kwa haraka, akalivua koti, akashuka kisimani. Chini kulikuwa na ubaridi. Alipiga magoti mchangani, akaizamisha kata, akangoja ijae, maana mahali pale, saa ile, kata haikujaa bila kungojwa. Akayatazama yale maji. Yalikuwa machache, yenye matope, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili yalikuwa yake.